Furaha ya Idi ni Haki ya Watu wa Nyumbani

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetufaradhia funga na akatuwekea baada yake siku ya kufurahi. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake. Ama baada ya hayo:

Darasa yetu ilikuwa iendelee na mlango wa zaka, lakini imetufikia barua ambayo hatukuona vyema kuiweka kando, kwa kuwa Mfungo Mosi hauko mbali, na jibu la barua hii likichelewa litakuwa halina faida. Imeandikwa na mama wa watoto watano, na kwa idhini yake twaieleza pasi na kumtaja. Asema kwamba mumewe, siku ya Idi, akisha kuswali hurudi nyumbani akala, kisha hutoka kwenda barazani kwa wenzake, na harudi ila usiku. Watoto huwapa fedha kidogo mkononi akawaambia waende wakatembee. Na sasa mwanawe mkubwa, kijana wa miaka 18 aliyeanza kuhudhuria madarasa, amewaambia nduguze kwamba kwenda kwenye uwanja wa pembea siku ya Idi ni haramu, na kwamba Muislamu hakuumbwa kwa ajili ya mchezo. Wadogo wamelia. Mama auliza mambo mawili. Je, asemayo kijana ni kweli? Na ikiwa si kweli, ni nani wa kuwatoa watoto, hali yeye yuko jikoni tangu alfajiri na baba yao hayupo?

Twaanza na la kwanza, kwa kuwa jibu lake li wazi na limeandikwa. La pili ndilo zito.

Imepokewa na Abu Dawud na an-Nasai, kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.), kwamba Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wake wana siku mbili katika mwaka ambazo huzicheza. Akauliza siku hizo ni za nini, wakamwambia ni siku walizokuwa wakizicheza zama za ujahili. Naye akawajulisha kwamba Mwenyezi Mungu amewabadilishia siku hizo kwa siku mbili zilizo bora kuliko hizo, nazo ni Idi ya Mfungo Tatu na Idi ya Mfungo Mosi. Tazama vyema, ewe msomaji, namna jambo hili lilivyokuwa. Mtume hakuwaambia watu wa Madina kwamba hawana tena siku ya kucheza. Aliwapa badala. Na mtu apewapo badala ya kitu, badala hiyo hukaa mahali pa kile kilichoondolewa. Kama si hivyo haiitwi badala. Siku zile zilikuwa za mchezo na furaha, na hizi pia ni za furaha, ila hizi zina takbiri, na swala, na sadaka, na kuunga udugu ndani yake.

Tena Sharia imetuharimishia kufunga katika siku hizi mbili. Huyu ambaye jana yake angalikunywa tone la maji kwa makusudi mchana angalipata dhambi, leo akijizuia kwa nia ya funga apata dhambi. Na Mtume (S.A.W.), kama alivyopokea Bukhari kutoka kwa Anas, alikuwa hatoki kwenda kuswali Idi ya Mfungo Mosi mpaka ale tende, na azile kwa hesabu ya witiri. Basi kula kwenyewe kumeingizwa katika ibada ya siku hiyo kabla ya jua kupanda sawasawa.

Sasa natuje kwenye hadithi ambayo twaitaka sana kijana huyu aisome, nayo imo katika Bukhari na Muslim. Ilikuwa siku ya Idi, na Wahabeshi walikuwa wakicheza kwa ngao na mikuki. Walikuwa wapi? Hawakuwa nje ya mji, wala pwani, wala kwenye uwanja wa mbali. Walikuwa ndani ya msikiti wa Mtume (S.A.W.). Mtume alisimama mlangoni mwa chumba cha Bibi Aisha (R.A.), akamsitiri kwa joho lake, naye Bibi Aisha akasimama nyuma yake, shavu lake juu ya shavu la Mtume, akiwatazama. Na Mtume mwenyewe aliwatia moyo wale Wahabeshi waendelee. Akakaa hivyo kwa ajili yake, hata Bibi Aisha ndiye aliyechoka. Kisha Bibi Aisha aliwaambia waliokuja baadaye wakadirie wenyewe hali ya msichana mdogo wa umri aliye na hamu ya mchezo. Na Sayyidna Umar (R.A.) alipoingia akawaona, aliinama kuchukua changarawe awapige nazo, Mtume akamwambia awaache. Na katika riwaya ya Imamu Ahmad mumo kwamba Mtume alitaka ijulikane kuwa dini yetu ina wasaa.

Sisi watu wa pwani hadithi hii haitupi taabu kuifahamu, kwa kuwa tumekua tukiona kirumbizi. Mwenye kuona vijana wawili wa Lamu au wa Mombasa wakizunguka na fimbo zao, huyu akinga na huyu apiga, na ngoma yapigwa na wazee wamekaa kando wakicheka, ameona jambo lililo jirani na lile la Wahabeshi. Tofauti ni kwamba wale walikuwa msikitini.

Wako wasemao kwamba mchezo ule ulikuwa mafunzo ya vita, na kwa hivyo hauwi hoja ya michezo mingine. Hatuwapingi kwamba mikuki ina faida ya vita. Lakini twawauliza: Bibi Aisha alikuwa akifundishwa vita pale mlangoni? Alisimamishwa pale afurahi, na kwa furaha yake Mtume akasimama mpaka akatosheka. Tena iko hadithi ya pili, nayo pia imo katika Bukhari na Muslim, ya wasichana wawili waliokuwa wakiimba nyumbani mwa Bibi Aisha siku ya Idi, nyimbo zilizotungwa juu ya siku ya Buathi, na Mtume amejilaza amejifunika. Sayyidna Abu Bakr (R.A.) alipoingia akawakemea. Mtume akafunua uso wake, akamwambia awaache, kwa kuwa kila kaumu ina sikukuu yake na hii ndiyo yetu. Hapo hapakuwa na mkuki wala ngao. (Juu ya ala za muziki na khitilafu ya wanavyuoni ndani yake hatutaufungua mlango huo leo, tukiufungua hatutaufunga kabla ya Idi.)

Tukitazama hadithi hizi mbili pamoja, twaona jambo moja la ajabu. Waliotaka kuzuia furaha ya Idi walikuwa wawili, na wote wawili ni watu bora kuliko sisi: Abu Bakr na Umar. Walizuia kwa ghera ya dini, si kwa ubaya. Na juu ya hivyo walirudishwa. Kwa hivyo hatumlaumu kijana wetu kwa ghera yake. Twamwambia tu kwamba ghera peke yake haikuwatosha hata wao, ilihitaji kuongozwa.

Na hatumwambii haya tukiwa juu yake. Sisi wenyewe, tulipotoka chuoni tukiwa na umri wa miaka 20 na ushei, tulipewa kusomesha watoto katika chuo kidogo, na siku mbili kabla ya Idi tukawaambia kwamba atakayeonekana kwenye pembea hatarudi kusoma kwetu. Twalikumbuka neno hilo kwa haya. Mzee mmoja aliyekuwa akileta wajukuu wake, mtu asiyejulikana kwa ilmu, alikuja baada ya Isha akakaa karibu nasi, akatuuliza kwa upole: "Mwalimu, hadithi ya Wahabeshi mwaisomesha katika mwezi gani?" Tukamwambia haina mwezi. Akasema: "Basi wasomesheni watoto kesho, ili siku ya Idi wajue mwalimu wao wamtafute wapi." Kisha akaondoka. Tulikesha usiku ule na kitabu, na asubuhi tukawaambia watoto kwamba tulikosea. Na siku ya Idi tulikwenda uwanjani pamoja nao.

Hivyo basi jibu la swali la kwanza ni kwamba kutoka na watu wa nyumbani siku ya Idi, kwenda kwenye uwanja, au bustanini, au pwani, kupunga upepo, kula kitu kizuri, na watoto kucheza pembea na farasi wa mbao wa kuzunguka, si haramu wala si makuruhu. Ni halali, na kwa mwenye kunuia kuwafurahisha watu wake ina thawabu. Atakayesema vinginevyo na alete dalili.

Walakini halali ina mipaka yake, na mingi katika hiyo kila mtu aijua: swala isipite, vazi liwe la sitara, wanaume na wanawake wasisongamane, asiudhiwe mtu njiani. Hayo hatuna haja ya kuyarefusha. Liko moja lisilojulikana na wengi, na kwa kuwa lawahusu watoto wadogo twataka tulieleze.

Katika viwanja vya Idi hukaa mtu na pembea, akamtoza mtoto fedha, akampandisha. Na kando yake hukaa mwingine, mbele yake amepanga vitu: chupa za soda, vikombe, wanasesere, pengine saa. Huyu humpa mtoto pete tatu za waya kwa fedha, na akiweza kukitia kitu kimoja ndani ya pete hukichukua, na akishindwa fedha zake zimekwenda. Watu huona biashara hizi mbili ni moja, kwa kuwa zote ni za Idi na zote hutozwa. Nazo katika Sharia zi mbalimbali kama nyama iliyochinjwa na mzoga. Mwenye pembea amekodisha manufaa yajulikanayo kwa ujira ujulikanao: mtoto ametoa fedha, amezungushwa mara kadha, kila mmoja amepata haki yake. Hii ni ijara, na ni safi. Ama mwenye pete, mtoto hutoa fedha naye hajui atapata kitu kilichozidi alichotoa au hatapata chochote. Mmoja hula cha mwenzake kwa bahati. Hiyo ndiyo kamari iliyotajwa pamoja na ulevi katika Sura ya al-Maida, aya ya 90. Udogo wa fedha hauigeuzi kuwa halali, na udogo wa mtoto wazidisha ubaya wake, kwa kuwa hapo ndipo anapoonja utamu wake kwanza. Wako watu wazima katika mji wetu ambao leo mishahara yao huishia katika kamari za simu, na hatudhani kwamba walianzia kwenye simu.

Basi mzazi asimkataze mtoto uwanja wote kwa sababu ya meza moja. Amshike mkono, apite naye mbele ya meza hiyo, amweleze kwa nini haisimamiwi, kisha ampeleke kwenye pembea, ampe na mara ya pili. Hilo litamkaa moyoni kuliko hutuba kumi.

Lakini ili amshike mkono ni lazima awepo, na hapa ndipo linapoanza swali la pili la mama yetu.

Twarudi mlangoni mwa chumba cha Bibi Aisha. Huyu aliyesimama pale alikuwa Mtume wa Mwenyezi Mungu, mkuu wa mji, hakimu, amiri wa majeshi, na siku yenyewe ni ya Idi, watu wote wamtaka. Hakumwambia mkewe: "Nenda ukatazame na wanawake wenzako." Hakumpa fedha. Alisimama mwenyewe, kwa miguu yake, na hakuondoka mpaka yule aliyesimamiwa achoke. Hadithi hii watu huisoma kutafuta hukumu ya mchezo, wakaipita hukumu ya yule aliyesimama.

Na si siku hiyo tu. Abu Dawud amepokea kwamba Mtume alishindana mbio na Bibi Aisha safarini, Bibi Aisha akamshinda. Kisha baada ya muda, alipokwisha kunenepa, wakashindana tena, Mtume akamshinda, akamwambia kwa mzaha kwamba hii ni kwa ile. Na katika Bukhari, Bibi Aisha aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu kwamba alikuwa katika kazi za watu wake, na swala ikifika hutoka kuswali. Na Salman al-Farisi alipomzuru Abu Dardaa, akamkuta amejitupa katika ibada hata mkewe ameacha kujipamba, alimwambia kwamba Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na watu wa nyumbani kwake wana haki, ampe kila mwenye haki haki yake. Na Mtume akamsadiki Salman. Ikiwa mtu amezuiwa kuwapunja watu wake kwa sababu ya swala na funga za usiku na mchana, je, atakayewapunja kwa sababu ya baraza?

Hatuipingi baraza. Wengi katika sisi tumesoma nusu ya tuyajuayo barazani, na kuzuru jamaa na marafiki siku ya Idi ni sunna ya watu wema. Twasema: nenda asubuhi, baada ya swala, upitie njia nyingine ya kurudi kama alivyofanya Mtume, upeane mikono na majirani na wazee, na umchukue mwanao mkubwa akuone unavyowaamkia. Kisha adhuhuri ikipita uwe umerudi. Baraza yako haitakimbia. Ipo siku nyingine zote za mwaka. Mtoto wa miaka saba hatakuwa na Idi ya miaka saba ila moja.

Na jikoni je? Mama huyu ametuambia yuko jikoni tangu alfajiri. Twajua ni kweli, kwa kuwa nyumba zetu nyingi ndivyo zilivyo. Usiku wa kuamkia Idi wanawake hawalali: mahamri, na mbaazi, na tambi, na vitumbua, na visheti vya wageni, kisha pilau au biriani ya mchana, kisha vyombo, kisha wageni wa alasiri, na jua likituwa, mwanamke aliyefunga siku zote alizojaaliwa pamoja na mumewe hajaona katika Idi ila moshi. Mtume (S.A.W.), kama alivyopokea Ummu Atiya (R.A.) katika Bukhari na Muslim, aliamrisha watolewe wanawake wote kwenda mahali pa swala ya Idi, hata wasichana wa ndani, hata walio katika siku zao, hawa wa mwisho wakae kando ya mahali pa kuswalia, washuhudie kheri na dua ya Waislamu. Mmoja akauliza, na asiye na jilbabu? Akajibiwa kwamba mwenzake amvishe katika zake. Tazama namna udhuru ulivyofungwa: hata kukosa nguo hakukukubaliwa kuwa sababu ya kubaki nyumbani. Nasi tumekubali sinia ya biriani iwe sababu.

Dawa yake ni nyepesi, nayo ni katika mkono wa mwanamume. Apunguze anachokitaka. Chakula kimoja cha mchana chatosha, na kikipikwa mapema kikafungwa, chaliwa chini ya mti na watoto kwa furaha kuliko juu ya meza. Na ukimwona mwanamume amebeba sufuria na mkeka siku ya Idi, usimcheke. Yumo katika sunna.

Limebaki jambo la pwani, na hili lisichukuliwe kuwa ni la dunia tu, kwa kuwa kuhifadhi roho ni katika makusudio makubwa ya Sharia. Siku ya Idi watu wetu hupenda bahari. Wa Mombasa huenda ufuko wa Mama Ngina, penye mibuyu, palipotengenezwa upya mwaka 2019, wakala kachiri na mihogo kwa ndimu na pilipili, wakanywa madafu, na wengi huvuka kwenda fukwe za Bamburi na Likoni kuogelea. Ni mahali pazuri, na upepo wa bahari ni neema. Lakini wazee wetu waliokuwa mabaharia walijua jambo ambalo wajukuu wao wamelisahau.

Idi ya Mfungo Mosi hufuata kuandama kwa mwezi, wala haiwi ila hivyo. Na mwezi uandamapo ndipo bahari inapokuwa katika bamvua: maji hupwa mbali sana, kisha hujaa sana, na baina ya kupwa na kujaa hapa Mombasa hupita zaidi ya mita 3 kwa kimo. Tena saa zake ni maalumu. Katika bamvua, maji hapa kwetu hupwa kiasi cha saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa kiasi cha saa kumi au saa kumi na moja jioni. Na kila siku inayofuata saa hizo huchelewa kidogo. Basi fikiri. Watu wametoka kuswali, wamekula, wameshuka pwani saa nne na nusu. Bahari imekwenda mbali, mchanga umefunuka, miamba imetoka, watoto wawekwa huru wakakimbilia mbele kuokota makombe, wakafika kwenye fungu la mchanga ambalo siku nyingine hawalioni. Kisha maji hugeuka. Hayaji kwa kelele. Hujaza kwanza mkondo ulio nyuma ya mtoto, baina yake na pwani, naye akicheza haoni. Na baba yuko barazani, na mama yuko jikoni, na aliyetumwa naye ni ndugu yake wa miaka kumi.

Ama Idi ya Mfungo Tatu huwa mwezi kumi, na hapo bahari imo katika maji mafu au karibu yake, maji hayapwi sana wala hayajai sana. Kwa hivyo aliyezoea pwani katika Idi kubwa asidhani ataikuta vile vile katika Idi ndogo. Na kwa kuwa mwaka wa mwezi wapungua kwa mwaka wa jua siku zipatazo 11, Idi hii ya Mfungo Mosi, ambayo mwaka 1446 ilikuwa mwisho wa Machi 2025, kwa miaka kadha itakuwa ikirudi ndani ya kaskazi, mwezi wa Machi, kisha Februari, kisha Januari. Kaskazi ni wakati wa joto na bahari tulivu, si kama kusi yenye mawimbi ya kumtisha mtu. Utulivu huo ndio unaomghuri asiyejua. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na kila mmoja ataulizwa juu ya alichokichunga, na akamtaja mwanamume kuwa ni mchunga wa watu wa nyumbani kwake. Mchunga hachungi kwa kutuma fedha.

Juu ya fedha pia twasema neno, kwa ufupi. Zaka ya fitri itolewe kabla ya swala, na mwenye kuitoa atafute katika mtaa wake nyumba ambayo watoto wake hawatapata nguo mwaka huu. Na asiye na uwezo asikope kwa ajili ya nguo za Idi. Vazi la sunna ni zuri kuliko uliyo nayo, si jipya dukani, na nguo iliyofuliwa na kupigwa pasi yatosha. Mwenyezi Mungu katika Sura ya al-Aaraf ametuambia tule na tunywe na tusifanye israfu, na mara baada ya hapo akawakemea wenye kuharimisha pambo lake alilowatolea waja wake. Maneno haya mawili yamewekwa bega kwa bega, na mtu akishika moja akaacha la pili amepotea upande mmoja au mwingine.

Sasa twamwambia mama yetu: watoto wako na waende, nawe uende nao. Barua yako tumemsomea mwanao mkubwa kwa idhini yako, baada ya darasa, sisi na yeye peke yetu. Alinyamaza muda, kisha akauliza hadithi ya Wahabeshi imo katika mlango gani, tukamwonyesha, naye akaiandika. Akasema atawachukua nduguze mwenyewe Makadara siku ya Idi, na atawapitisha mbele ya meza ya pete. Ama mumeo, gazeti hili humfikia kila mwezi, na twamjua kuwa ni mtu wa swala na mtu wa haya. Hatukumwandikia barua ya peke yake kwa kuwa twaona imemtosha hii, na wako wenziwe wengi ambao ni yao pia.

Na sisi wa darasa hii tumeafikiana kwamba Idi ya pili, baada ya swala ya adhuhuri, tutakwenda na watu wetu wote chini ya mibuyu ya Mama Ngina, wanawake upande wao na wanaume upande wao, na watoto baina yetu. Vijana wawili wajuao kirumbizi wameahidi kuja na fimbo zao. Hapatakuwa na hutuba. Maji yatakuwa yakijaa, kwa hivyo hakuna mtoto atakayeshuka chini, na wanaume watakaa kwa zamu upande wa bahari. Chakula kila nyumba ije na chake, kimoja kimoja, na kila mwanamume abebe mkeka wake.